Mapenzi ya redioni: kutoka Musekeweya hadi Kumbuka Kesho

SANGE – Mwaka 1994 redio RTLM ilichochea mauaji nchini Rwanda. Miaka 10 baadaye, shirika La Benevolencija likatumia redio kusimulia mapenzi. Katika mchezo Musekeweya, yaani «alfajiri mpya», Shema wa kilima cha Bumanzi anampenda Batamuriza wa Muhumuro. Vilima hivyo vina ugomvi, na kaka yake msichana ndiye anayechochea vita. Watu wanakimbia makwao. Hakuna anayeitwa Mhutu wala Mtutsi, lakini msikilizaji anaelewa.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichunguza wasikilizaji kwa mwaka mmoja. Imani zao hazikubadilika sana, ila walipunguza kuwashauri watoto wao wasioane na watu wa kabila lingine.

Kivu nayo ikapata mchezo wake wa Kiswahili, Kumbuka Kesho. Huku Paluck aliona jambo lingine: pale mchezo ulipofuatwa na kipindi cha mjadala, watu waliongea zaidi, na kinyongo kikazidi.

Kwa familia zilizokimbilia Sange, funzo ni hili: hadithi ya mapenzi inafungua mlango tu. Mazungumzo yanayofuata yanataka mtu wa kuyaongoza, la sivyo majirani watarudia kuhesabiana makosa.