Shabaha Huanzia Miguuni

Leo nataka kuwaelezeni habari ya stadi mmoja wa kulenga shabaha. Mtu huyu alipiga risasi nzuri, risasi ambayo ingetosha kumpa ushindi mbele ya mataifa yote, lakini risasi hiyo hiyo ikamnyima ushindi. Ili mpate kuielewa habari yake, yafaa kwanza mjue jinsi mtu alengavyo bunduki akiwa amesimama.

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa mjini Athens mwaka 1896, mashindano ya bunduki yalikuwamo. Mwaka uliofuata, 1897, mashindano ya kwanza ya dunia yakafanywa mjini Lyon, nchi ya Ufaransa. Namna za kupiga ni tatu: kulala kifudifudi, kupiga goti, na kusimama. Katika hizo tatu, kusimama ndiko kugumu kupita zote, kwa kuwa alalaye huegemeza viwiko vyake juu ya ardhi, bali asimamaye hana kitu kinachogusa ardhi ila nyayo zake mbili.

Mtu asiyefundishwa hudhani kwamba bunduki hushikwa kwa nguvu za mikono. Basi huibana sana. Mara mikono huchoka, na mtutu hutetemeka. Stadi hafanyi hivyo. Ikiwa atumia mkono wa kuume, huipa shabaha ubavu wake wa kushoto, hutanua miguu kiasi, huegemeza kiwiko cha kushoto juu ya nyonga, kisha huinama nyuma kidogo ili uzito wa bunduki ushuke juu ya mifupa mpaka miguuni. Mmemwona mama abebaye mtungi wa maji kichwani, naye aenda bila kuushika. Hauchukui kwa nguvu za shingo. Mifupa yake imesimama sawasawa chini ya mzigo. Hivyo ndivyo afanyavyo mlenga shabaha.

Akiisha kusimama hivyo, hufumba macho, hupumua polepole, kisha hufumbua atazame mtutu umeelekea wapi. Hapo mwili humwambia kweli. Akiona bunduki imeelekea kando, haivuti kwa mikono kuirudisha, maana msuli uliovutwa kwa nguvu hutaka kurudi mahali pake, nao hurudi wakati ule ule wa kufyatua. Badala yake husogeza mguu wa nyuma kidogo tu, mwili wote ukageuka pamoja na bunduki. Ikiwa imeelekea juu au chini, hubadili mahali pa mkono ulio chini ya bunduki, au pa kitako begani. Kisha hufumba macho tena, ajaribu mara ya pili. Kazi hii yataka saburi, kwani katika mashindano ya meta 50 duara la katikati, lenye alama kumi, lina upana wa milimita 10.4 tu, ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Sasa tumrudie mtu wetu. Jina lake ni Matthew Emmons, Mmarekani. Tarehe 20 Agosti 2004, katika Olimpiki ya Athens, alijipatia nishani ya dhahabu kwa kupiga akiwa amelala. Siku mbili baadaye akaingia mashindano ya namna zote tatu, ambayo mwisho wake wakati ule ulikuwa risasi kumi za kusimama. Wapigaji wanane walisimama safu moja, kila mmoja mbele ya shabaha yake yenye namba. Emmons alikuwa mahali pa pili. Ilipobaki risasi moja tu, alikuwa amewatangulia wenzake kwa alama 3. Alama 7.2 zingemtosha.

Desturi yake ilikuwa kutazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, ndipo aishushe bunduki mpaka kwenye duara. Lakini mara ile, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alishughulika na kuutuliza moyo wake tu, wala hakuitazama namba. Akalenga vizuri, akafyatua. Risasi ikapata alama 8.1, ila katika shabaha ya tatu, iliyokuwa ya jirani yake! Katika shabaha yake mwenyewe hapakuwa na alama yo yote. Waamuzi wakampa sifuri. Akaanguka mpaka mahali pa nane, ndipo pa mwisho, na dhahabu ikamwendea Jia Zhanbo wa Uchina.

Tafakarini jambo hili. Ustadi wake haukupungua kitu. Lakini mwili uliotulizwa vema humpeleka mtu pale alipouelekeza, hata kama ni shamba la jirani. Mwili haujui namba. Kuijua namba ni kazi ya jicho.

Miaka minne baadaye, mwaka 2008 mjini Beijing, Emmons aliwatangulia tena wenzake mpaka risasi ya mwisho. Safari hii shabaha ilikuwa yake. Lakini alipokuwa akiishusha bunduki, kidole kikagusa kifyatuo kabla ya wakati. Akapata alama 4.4, akawa wa nne. Watu wengi wangaliiacha bunduki siku ile. Yeye hakuiacha. Mwaka 2012 alisimama tena mjini London. Risasi yake ya mwisho haikuwa nzuri, alama 7.6, hata hivyo akajipatia nishani ya shaba.

Wazee walisema, kuteleza si kuanguka. Aidha, jioni ile ya Athens alikuja kumfariji Kateřina Kůrková, mlenga shabaha wa nchi ya Cheki. Nao wakaoana mwaka 2007.

Basi ninyi wanafunzi, na ninyi mafundi wa kazi zo zote, someni mambo mawili hapa. Kazi ikienda upande, msiivute kwa nguvu. Rekebisheni mguu, yaani msingi wake. Na mkiisha kuizoea mpaka mwili waijua wenyewe, hapo ndipo mzidi kuangalia, kwa maana hatua ndogo mliyoifanya mara elfu ndiyo iliyo rahisi kusahauliwa mara moja. Kabla ya kufyatua, tazameni namba.