Mnyoo wa Kompyuta: Maana Yake na Namna ya Kuutoa

Mkazi wa Mbingu, katika Bonde la Kilombero, anapeleka flashi stesheneri kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Akirudi nyumbani na kuichomeka kwenye kompyuta yake, anakuta kila folda limegeuka njia ya mkato ya kilobaiti moja au mbili. Fundi atamwambia, "Ina virusi." Kwa mazungumzo jibu hilo latosha, kwa tiba halitoshi, maana mara nyingi kilichoingia ni mnyoo.

Mnyoo wa kompyuta ni programu hasidi inayojinakili na kuhama kutoka mashine hadi mashine bila kujibandika kwenye faili lingine. Kirusi hujificha ndani ya programu au waraka, na hakienei mpaka faili hilo lifunguliwe. Trojani hujifanya programu ya manufaa ili uiingize mwenyewe, wala haijinakili.

Jina la mnyoo limetokana na riwaya ya Mwingereza John Brunner ya mwaka 1975, ambamo programu ya namna hiyo inaitwa tegu. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia mnyoo uliokadiriwa kuathiri kompyuta 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti wakati huo.

Kwa wakulima wa mpunga wa Bonde la Kilombero, tafsiri ya "mnyoo" inaeleweka haraka. Mnyoo wa safura haungoji kuliwa. Hupenya ngozi ya nyayo za anayetembea peku. Tofauti ni kwamba mayai ya safura lazima yaanguliwe udongoni kwanza, ilhali mnyoo wa kompyuta huzaana humohumo ndani ya mashine.

Miongoni mwa njia za kuingia, tuangalie mbili. Ya kwanza ni mwanya katika mfumo endeshi. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya wa aina hiyo katika Windows Oktoba 2008. Mwezi uliofuata mnyoo Conficker ukaanza kupenya kompyuta ambazo hazikukiweka, na hatimaye ukafikia mamilioni. Mnyoo WannaCry wa Mei 2017 nao ulipita kwenye mwanya ambao kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi. Hapo hakuna mtu aliyehitaji kubofya chochote.

Ya pili ni flashi. Mnyoo huficha mafolda yako, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya, mnyoo unaanza kazi na folda linafunguka kama kawaida, hivyo hushtuki. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo inaondoka nao, iende Ifakara, Mlimba au kwingineko.

Kuutoa kunahitaji mpangilio. Kwanza, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi na toa flashi zote. Pili, tumia kompyuta safi kupakua antivirusi na viraka, kwa sababu minyoo kama Conficker huzuia mashine iliyoambukizwa isifike kwenye tovuti za kinga. Tatu, safisha kompyuta nzima, kisha weka viraka kabla ya kurudi mtandaoni. Nne, badilisha nywila dhaifu. Conficker ilikuwa ikizibahatisha. Tano, kagua kila flashi iliyowahi kugusa mashine hiyo.

Mafolda yaliyofichwa hayajapotea. Flashi ikishasafishwa, fungua dirisha la amri na uandike, ikiwa flashi yako ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yatajitokeza. Njia za mkato zilizobaki zifute.

Mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Diski ikifomatiwa mnyoo hufa kweli, lakini kazi za mteja zisizo na nakala hufa nao. Na flashi ileile ikichomekwa jioni bila kukaguliwa, ugonjwa unarudi kwenye mashine mpya. Kufomati kuwe hatua ya mwisho, baada ya kunakili na kukagua nyaraka.

Wenye stesheneri ndio walinzi wa kwanza wa bonde hili. Zimeni uanzaji wa moja kwa moja wa flashi, sasisheni Windows na antivirusi kila mpatapo bando, na kagueni flashi ya mteja kabla ya kufungua hata folda moja.