Mafunzo endelevu ya wafamasia kuhusu dawa za wazee

Mafunzo endelevu ya wafamasia kuhusu dawa za wazee ni masomo ambayo mfamasia, fundi dawa sanifu au mtoa dawa huyapata baada ya kumaliza chuo, ili aweze kuwahudumia watu wa umri mkubwa bila kuwadhuru. Ni tawi moja la mafunzo endelevu ya kitaaluma, ambayo mabaraza ya taaluma ya nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, huyadai kwa wanachama wao. Makala hii inahusu hasa hali ya Tanzania, pamoja na mifano kutoka Kimamba, mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na karibu milioni 3.5 kati yao walikuwa wa umri huo. Wengi wanaishi vijijini na katika miji midogo, mbali na daktari bingwa yeyote. Mtu wa mwisho anayewaona kabla hawajameza kidonge ni yule aliyesimama nyuma ya dirisha la dawa.

Sababu za wazee kuhitaji uangalifu

Mwili wa mzee haupokei dawa kama mwili wa kijana. Maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka, ini hufanya kazi polepole zaidi, na figo hupoteza nguvu yake kidogo kidogo kuanzia umri wa makamo. Dawa zinazojificha katika mafuta hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni diazepamu: kijana wa miaka 20 huondoa nusu ya dawa hiyo kwa takriban saa 20, lakini mzee wa miaka 80 huweza kuhitaji takriban saa 80. Akimeza kidonge kila usiku, cha jana na cha juzi bado vimo ndani. Asubuhi anaamka akiyumba, ndugu wanasema ni uzee.

Hapo ndipo penye hatari kubwa ya jambo hili. Madhara ya dawa kwa mzee hufanana na uzee wenyewe: kizunguzungu, usahaulifu, kuanguka, kukojoa ovyo, kukosa hamu ya kula, kuchanganyikiwa. Kijana akipata dalili hizo hupelekwa hospitali. Mzee huachwa alale, na dawa iliyomletea shida huendelea kutolewa, pengine kwa miaka.

Jambo la pili ni wingi wa dawa. Mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti huweza kuwa na dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja, kutoka vituo tofauti, kila moja imeandikwa na mtu asiyejua nyingine. Wataalamu huzungumzia pia mnyororo wa dawa, yaani dawa moja kuleta dalili ambayo hudhaniwa kuwa ugonjwa mpya na kutibiwa kwa dawa nyingine. Amlodipini, dawa ya kawaida ya presha, huweza kuvimbisha miguu. Mgonjwa akipewa furosemidi ili uvimbe upungue, atakojoa sana, ataamka usiku mara kadhaa kwenda chooni gizani, na siku moja ataanguka na kuvunjika nyonga. Uvimbe ule haukuwa wa moyo wala wa figo. Ulihitaji mtu wa kuuliza miguu ilianza kuvimba lini, kabla ya dawa au baada yake.

Hesabu ya figo

Somo linalorudiwa katika karibu kila mafunzo ya aina hii ni kukadiria uwezo wa figo. Kanuni iliyozoeleka ni ya Cockcroft na Gault, iliyotolewa mwaka 1976. Toa umri wa mgonjwa kutoka 140, zidisha kwa uzito wake wa kilo, kisha gawanya kwa 72 mara kipimo cha kreatinini katika damu (miligramu kwa desilita). Kwa mwanamke, jibu huzidishwa kwa 0.85.

Tuchukue wanaume wawili wenye kreatinini ileile ya 1.2. Wa kwanza ana miaka 30 na kilo 60: 110 mara 60 ni 6,600, tukigawanya kwa 86.4 tunapata takriban 76. Wa pili ana miaka 80 na kilo 48: 60 mara 48 ni 2,880, tukigawanya kwa 86.4 tunapata takriban 33. Karatasi ya maabara inaonyesha namba moja kwa wote wawili, lakini figo za mzee zinasafisha damu kwa kiwango kisichofikia nusu ya zile za kijana. Hesabu yenyewe haizidi ile ya kidato cha pili, ila ni lazima mtu akumbuke kuifanya, na ni lazima mzee apimwe uzito.

Jibu hilo lina matumizi ya moja kwa moja. Metformini, dawa kuu ya kisukari, kwa kawaida hupunguzwa dozi kiwango cha kazi ya figo kikishuka chini ya 45, na haitumiwi kikiwa chini ya 30. Dijoksini pia huhitaji dozi ndogo zaidi.

Orodha za dawa za kuepukwa

Mwaka 1991 daktari Mmarekani Mark Beers na wenzake walitoa vigezo vya kutambua dawa zisizofaa kwa wazee waliokuwa wakiishi katika nyumba za matunzo. Orodha hiyo, inayojulikana kama Vigezo vya Beers, sasa husimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani. Toleo la mwaka 2023 ni miongoni mwa yaliyo mapya. Nchini Eire ilitokea orodha nyingine mwaka 2008, iitwayo STOPP/START, ambayo sehemu yake ya pili huonyesha dawa ambazo mzee angepaswa kupewa lakini hakupewa. Sehemu hiyo ya pili isidharauliwe, kwani kumnyima mzee dawa ya presha kwa kuwa "ameshazeeka" ni kosa pia.

Orodha hizi zilitungwa kwa ajili ya nchi nyingine, na baadhi ya dawa zilizomo hazipatikani Tanzania. Hata hivyo nyingine zinapatikana kila mahali. Glibenklamidi huweza kushusha sukari ya mzee hadi akapoteza fahamu, hasa akimeza dawa bila kula. Klorfeniramini, ambayo watu huiita piritoni, hununuliwa kwa mafua na hata kwa kutafuta usingizi. Kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, kinywa kukauka na mkojo kuziba, na mwanaume mwenye tezi dume iliyokua huumia zaidi. Amitriptilini ina tabia hiyohiyo.

Diklofenaki inahitaji maelezo marefu kidogo, maana ni dawa ya maumivu inayouzwa sana. Huweza kutoboa tumbo na kusababisha kutoka damu ndani, hupandisha presha, na huzidisha mzigo wa figo. Ikikutana na kaptoprili (au dawa nyingine ya kundi lake) pamoja na dawa ya kukojosha, figo hushambuliwa kutoka pande tatu na huweza kushindwa kazi kwa siku chache tu. Dawa mbili za presha mzee amepewa hospitali, ya tatu amejinunulia mwenyewe. Hospitali haijui, na muuza dawa hakuuliza. Kwa maumivu ya kawaida ya viungo parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo hushauriwa kwanza.

Hali nchini Tanzania

Elimu ya juu ya famasia nchini ilianza Muhimbili, katika chuo ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Baraza la Famasi lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na sasa linaongozwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Baraza husajili wafamasia na kada zilizo chini yao, na huwataka wakusanye pointi za mafunzo endelevu kwa ajili ya kuhuisha leseni. Pointi hupatikana kwa semina, mikutano ya Chama cha Wafamasia Tanzania, kozi fupi za vyuo na masomo ya mtandaoni, ambayo yaliongezeka tangu janga la UVIKO-19. Mfamasia huchagua mada mwenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo inawezekana kabisa kutimiza pointi za mwaka bila kusoma hata saa moja kuhusu wazee.

Kitabu cha kazi cha kila siku ni Mwongozo wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la mwaka 2021. Dawa zimepangwa humo kwa ngazi za vituo. Mpango huo una maana, ila huleta tatizo linalofahamika vizuri na wazee: dawa aliyoanzishiwa hospitali ya mkoa huenda isiwepo kwenye zahanati ya kijiji chake.

Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba karibu watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 au zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakujua, na waliokuwa na presha iliyodhibitiwa kwa dawa walikuwa wachache sana. Kwa hiyo mafunzo haya yana kazi mbili zinazovutana: kuwafikishia dawa wazee wasio nazo, na kuwapunguzia wale waliobebeshwa nyingi mno.

Kimamba na Wilaya ya Kilosa

Kimamba iko kwenye Reli ya Kati, kati ya Morogoro na Kilosa. Ina kata mbili, Kimamba A na Kimamba B, na ilikua kutokana na mashamba ya mkonge yaliyovuta vibarua kutoka mikoa ya mbali. Kazi ya kukata na kubeba mkonge ni ya mgongo na magoti, na aliyeifanya ujanani huzeeka na maumivu. Hivyo suala la diklofenaki lililoelezwa hapo juu si la vitabuni tu katika mji wa aina hii. Kilosa mjini kuna hospitali ya wilaya na chuo cha maafisa tabibu. Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito.

Katika miji kama huu, mfamasia mwenye shahada hukutwa zaidi hospitalini. Dukani yupo mtoa dawa. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukaenea mikoa mingine, Morogoro ikiwa miongoni mwa ile ya mwanzo, na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Watoa dawa wake, wengi wakiwa wauguzi wasaidizi, walipewa kozi ya wiki chache pamoja na ruhusa ya kuuza baadhi ya dawa za cheti. Mpango huo ulifanya kazi njema, lakini mafunzo yake yalielekezwa zaidi kwenye malaria, kuhara na nimonia ya watoto, magonjwa yaliyokuwa yakiua zaidi. Mwenye magonjwa matatu na miaka 75 hakuwa mgonjwa aliyefikiriwa kwanza. Mafunzo endelevu yakiishia kwa wafamasia wa mijini, hayatamfikia mzee wa Kimamba, kwa kuwa yeye hahudumiwi na mfamasia.

Kuzungumza na mzee

Sehemu hii haina hesabu, na wengi huiruka. Mtoa dawa wa miaka 25 anapomhudumia bibi wa miaka 78, salamu hutangulia: shikamoo, na kungoja marahaba. Kisha amkalishe. Asimtajie ugonjwa wake mbele ya foleni, hasa mambo ya mkojo na tezi dume.

Swali la "Umeelewa, bibi?" halifai kitu. Kwa adabu bibi atajibu "Nimeelewa, mwanangu", hata kama hakusikia neno. Wakufunzi hushauri kuuliza hivi: "Ukifika nyumbani bibi, hii utaimezaje?" Akieleza mwenyewe, kosa litaonekana pale pale. Alama ya 1x3 iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kibahasha ni msaada kwa mwenye macho mazuri aliyekwenda shule. Asiye hivyo huhitaji kuchorewa jua na mwezi, au kufungiwa dawa za asubuhi na za jioni katika vibahasha vya rangi tofauti, au kuletewa mjukuu anayeishi naye aelezwe pia.

Zoezi lenye manufaa kuliko yote ni kumwomba mzee aje na kila anachotumia: vidonge vya hospitali, vya dukani, alivyoazimwa na jirani, na mitishamba, kwa mfano unga wa mlonge. Asikaripiwe kwa mitishamba. Akikaripiwa mara moja, safari ijayo ataficha. Vyote humwagwa mezani na kuhesabiwa. Mara nyingine hukutwa dawa ileile chini ya majina mawili ya viwanda, na mzee amekuwa akimeza dozi maradufu kwa uaminifu mkubwa.

Mtoa dawa hana mamlaka ya kufuta dawa iliyoandikwa na daktari. Kazi yake ni kuandika alichokiona na kumrudisha mgonjwa kwa mwandishi wa cheti. Madhara yanayoshukiwa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kupitia fomu ya njano. Dawa kama diazepamu na baadhi ya dawa za moyo hazikatizwi ghafla, bali hupunguzwa hatua kwa hatua.

Nchi nyingine

Marekani, wafamasia wamekuwa na mtihani maalumu wa ubobezi wa dawa za wazee tangu mwaka 1997. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, ambayo hutaja wingi wa dawa kama moja ya maeneo matatu ya kutangulizwa, na Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya. Shirikisho la Kimataifa la Famasia, lililoanzishwa mwaka 1912 na lenye makao yake Den Haag, Uholanzi, hutoa miongozo ya mafunzo endelevu ambayo vyama vya kitaifa huweza kuitumia.