Bluu ya Uajemi kwenye Udongo wa Uchina

Mitungi miwili ya kauri iliyoko British Museum, London, ina urefu wa zaidi ya sentimita 63 kila mmoja, na masikio yake yamefinyangwa kwa umbo la kichwa cha tembo. Kwenye shingo yameandikwa kwa bluu maneno ya muumini mmoja, Zhang Wenjin, akieleza kwamba ameitoa pamoja na chetezo kuwa sadaka kwenye hekalu la Kidao, ili jamaa zake wapate amani. Tarehe iliyoandikwa inaangukia mwaka 1351. Chetezo hakijaonekana mpaka leo, lakini maandishi hayo yanatosha kuthibitisha kuwa kufikia katikati ya karne ya 14 mafundi wa mji wa Jingdezhen, kusini mwa Uchina, walikwisha kuimudu kauri nyeupe yenye michoro ya bluu. Ndiyo ile ambayo mtu yeyote akiiona leo husema bila kusita kuwa ni ya Kichina.

Ni ya Kichina kweli, ila ukoo wake umechanganyika. Kobalti iliyotoa bluu ile ililetwa kutoka Uajemi, wakati Wamongolia walipokuwa wakitawala huko na Uchina pia. Wanunuzi wakubwa nao walikuwa Waislamu wa magharibi ya Asia, waliotaka sahani pana za kula watu wengi pamoja, nasi wa pwani tunaojua ulaji wa sinia hatuhitaji maelezo zaidi. Wachina wenyewe walikula kwenye bakuli ndogo. Mwaka 1388 Cao Zhao, mjuzi wa vitu vya kale, aliandika kwamba vyombo hivi vya bluu havina ustaarabu. Ladha ya mabwana wa mjini na soko la nje zilikuwa zimeachana njia, na soko likashinda.

Ufinyanzi wa Uchina ulikuwa mkongwe mno kufikia wakati huo. Vigae kutoka pango la Xianrendong, katika jimbo lile lile la Jiangxi lenye mji wa Jingdezhen, vina umri wa miaka 20,000 hivi, na ni miongoni mwa vya kale kabisa duniani. Mwishoni mwa enzi ya Han, kama miaka 1,800 iliyopita, wafinyanzi wa Zhejiang walikuwa wakichoma vyombo vigumu vyenye utando wa kijani unaong'aa kama kioo. Enzi ya Tang ilipowadia, kaskazini kulitengenezwa vyombo vyeupe na kusini vya kijani, na Changsha ikafinyanga bakuli za bei nafuu za kuuzwa ng'ambo. Jahazi moja lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, katika karne ya 9, lilikuwa na vyombo kama 60,000, vingi vikiwa bakuli hizo. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, mtindo ule ule wa mtepe wa Lamu.

Kisha ikaja enzi ya Song. Kwa jicho langu hakuna kilichofuata kilichoipita. Mafundi wake hawakujaza michoro. Waliacha umbo na rangi moja vijitosheleze. Vyombo vya tanuri za Ru, vya rangi kati ya kijani na samawati, vilivyobaki duniani havifiki 100. Kimoja kilipopigwa mnada Hong Kong mwaka 2017 kilikwenda kwa zaidi ya dola milioni 37 za Marekani, na ni chombo cha kusuuzia brashi tu.

Jingdezhen ilipewa jina lake na mfalme wa Song, kutokana na jina la kipindi kimoja cha utawala wake kilichoanza mwaka 1004. Siri ya mji ilikuwa chini ya miguu ya wenyeji: jiwe laini linalosagwa kuwa unga, na udongo mweupe wa kilima cha Gaoling, ambao ndio asili ya jina kaolini. Jiwe huyeyuka na kushikamana, kaolini huzuia chombo kisibonyee. Vikichanganywa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi, hutoka kitu cheupe, kigumu, kinacholia ukikigonga na kupitisha mwanga kikiwa chembamba. Joto hilo huziangamiza rangi nyingi. Kobalti hustahimili, kwa hiyo fundi aliweza kuchora juu ya udongo mbichi, akapaka utando, akachoma mara moja tu.

Kazi iligawanywa kupita kiasi. Song Yingxing, aliyeandika kitabu cha ufundi mwaka 1637, alihesabu hatua 72 kabla ya kikombe kukamilika. Aliyechora mstari wa ukingoni hakugusa ua la katikati.

Vyombo vilisafiri. Jumba la Topkapı, Istanbul, lina zaidi ya 10,000. Kilwa na Gedi wachimbaji wamefukua vigae vya kijani vya tanuri za Longquan na vya bluu vya enzi ya Ming. Kunduchi bakuli zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, na Lamu zilipangwa kwenye zidaka za ukutani. Tusivutwe na mng'ao, hata hivyo: vigae vingi mno katika magofu hayo ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Kauri ilikuwa ya wenye nacho.

Wazungu walichelewa kuijua siri. Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony, alitoa askari 600 kwa mfalme wa Prussia akapewa vyombo 151 vya kauri, ingawa tangu 1710 alikuwa na kiwanda chake mwenyewe huko Meissen. Padri Mfaransa d'Entrecolles aliishi Jingdezhen, na barua zake za 1712 na 1722 zikaeleza hatua kwa hatua kinachofanywa huko. Ujuzi ukaenea. Karne iliyofuata waasi wa Taiping waliziteketeza tanuri za Jingdezhen mwaka 1855, wakati ambapo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitoa sahani kwa mashine. Sokoni Unguja, bakuli za Maastricht zenye maua ya rangi zilichukua nafasi ya zile za Uchina, na hata zidaka zikapokea mgeni huyo mpya.