Diana Golden: Bingwa wa theluji aliyekataa kuonewa huruma

DIANA Golden, Mmarekani aliyeshindana kwa mguu mmoja, anahesabiwa miongoni mwa wanamichezo waliobadilisha mtazamo wa ulimwengu kuhusu michezo ya walemavu. Alitwaa dhahabu 10 katika mashindano ya dunia ya walemavu ya kuteleza kwenye theluji, na mataji 19 ya kitaifa nchini mwake.

Mchezo wake, unaofahamika kama Alpine, ni tofauti na ule wa masafa ambao Philip Boit aliiwakilishia Kenya katika Olimpiki ya Nagano, Japan, mwaka wa 1998. Katika Alpine, mshindani huporomoka kutoka mlimani kwa kasi kubwa huku akipinda kati ya milingoti. Hujiegemeza kwenye mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni. Golden alikuwa na ubao mmoja tu.

Alizaliwa Machi 20, 1963 katika jimbo la Massachusetts na kuanza kuteleza akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12, mguu wake wa kulia ulimlegea ghafla alipokuwa akitembea. Madaktari waligundua kuwa alikuwa na saratani ya mfupa, nao wakaukata mguu huo juu ya goti. Mwaka haukupita kabla ya yeye kurejea mlimani.

Wengi wa waliopoteza mguu mmoja hutumia magongo mawili yenye vibao vifupi nchani ili wasipoteze mizani. Golden naye alianza hivyo. Hata hivyo, ustadi ulipozidi aliyaacha, akashika fimbo za kawaida kama washindani wengine.

Mnamo 1982, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo cha Dartmouth, alishinda taji la dunia la mbio za kuteremka. Baadaye aliuweka mchezo kando kwa muda, akahitimu chuoni mwaka wa 1984, kisha akarejea kwa ari mpya.

Ni wakati huo alipoanzisha pambano lililoacha athari kubwa kuliko medali zake. Katika mbio hizi, washindani huondoka mmoja baada ya mwingine, na wasio na nafasi nzuri katika orodha huondoka mwisho. Kufikia hapo theluji huwa imechimbika na kufanya mifereji. Mwenye miguu miwili akiteleza vibaya hujiokoa kwa mguu wa pili, ilhali mwenye mmoja huanguka.

Mwaka wa 1985, Golden aliliomba shirikisho la mchezo huo la Marekani liwatengee walemavu walio bora nafasi za kuondoka mapema, mara tu baada ya kundi la kwanza la washindani wakuu, kabla ya njia kuharibika. Ombi hilo lilikubaliwa na kanuni hiyo ikapewa jina lake. Haikuwapunguzia walemavu mlingoti wala sekunde yoyote. Iliwapa theluji inayotelezeka tu. Mnamo 1987 alimaliza wa 10 katika mbio zilizowashirikisha watu wasio na ulemavu.

Kilele cha ufanisi wake kilikuwa mwaka wa 1988. Katika Olimpiki ya Calgary, Canada, alishinda dhahabu ya slalomu kubwa ya walemavu, iliyoandaliwa kama mchezo wa maonyesho. Mwaka huo huo alitajwa mwanatelezi bora wa kike wa Marekani, tuzo ambayo hakushindania na walemavu peke yao. Golden hakupendezwa na sifa za ujasiri alizomiminiwa na waandishi. Alitaka apimwe kwa saa kama mwanamichezo mwingine yeyote.

Alistaafu mwaka wa 1990, akawa mhutubu na mkwea milima. Lakini mwishoni mwa 1992 saratani ilirejea, safari hii kwenye matiti. Yote mawili yaliondolewa, na baadaye kizazi. Mwanamke aliyesifiwa kote kwa ushupavu alizama katika majonzi hata akajaribu kujitoa uhai. Alipopata nafuu hakulificha jambo hilo, bali alilizungumzia waziwazi.

Mwaka wa 1997 aliolewa na mchoraji vibonzo Steve Brosnihan, ilhali wote wawili walijua kuwa ugonjwa haukuwa umeisha. Alifariki Agosti 25, 2001, akiwa na umri wa miaka 38.

Mnamo 2006 jina lake liliingizwa katika orodha ya mashujaa wa Olimpiki wa Marekani. Aidha, mbio za walemavu alizoshinda Calgary kama maonyesho leo huvuta wanamichezo wengi katika Paralimpiki, ambako hakuna anayelazimika kueleza kwa nini mwenye mguu mmoja yuko mlimani.