Kikomo cha Kadi ya Mkopo na Malipo Yanayokizidi

Kikomo cha kadi ya mkopo ni kiasi cha juu kabisa cha deni ambacho benki inamruhusu mwenye kadi kuwa nacho kwa wakati mmoja. Gharama ikizidi hapo, iwe ada ya chuo, matibabu, samani au tiketi za familia nzima, kadi peke yake haitoshi, na mlipaji hulazimika kujipanga kwa njia nyingine. Kikomo huonyesha hatari ambayo benki iko tayari kuibeba. Hakisemi mteja ana fedha kiasi gani, wala hakisemi anaweza kumudu deni kiasi gani.

Chimbuko

Mnamo Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa Fresno, California, kadi 60,000 ambazo hawakuziomba. Kadi hizo ziliitwa BankAmericard, na mwaka 1976 zikapewa jina la Visa. Zilikuja na kikomo cha dola mia chache tu. Mwenye duka naye aliwekewa kiwango chake: manunuzi yakikizidi, ilimbidi apige simu benki kuomba idhini huku mteja amesimama kaunta akingoja. Mwaka 1973 mtandao wa kompyuta ulianza kuchukua nafasi ya simu hizo, na leo jibu hurudi kwa sekunde chache.

Hesabu ya kikomo

Mashine ya kadi huangalia nafasi iliyobaki. Mwenye kikomo cha dola 5,000 na deni la dola 1,200 amebakiwa na dola 3,800. Kama juzi alilala hotelini au alikodi gari, huenda kuna fedha nyingine zilizozuiwa kama dhamana, nazo huhesabiwa kana kwamba zimetumika mpaka zuio liondolewe. Ndiyo maana kadi hukataliwa mbele za watu ilhali mwenyewe ana hakika hajafika mwisho.

Nchini Marekani, sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inakataza benki kutoza ada ya kuvuka kikomo isipokuwa mteja amekubali mapema kwamba malipo ya namna hiyo yapitishwe.

Njia za kulipa

Njia ya kwanza ni kulipa deni na kuweka fedha za ziada kwenye kadi. Tuseme bili ni dola 8,000. Mtu wa mfano wetu akilipa dola 1,200 deni linakwisha, na akiongeza dola 3,000 anapata nafasi ya dola 8,000. Inamfaa mwenye fedha benki anayetaka kinga ya kadi. Azungumze na benki kwanza, kwa kuwa malipo makubwa kuliko deni huweza kushukiwa ulaghai yakarudishwa. Nchini Marekani, mteja akiomba kwa maandishi arudishiwe ziada inayozidi dola 1, benki ina siku 7 za kazi kufanya hivyo.

Ya pili ni kuomba kikomo kiongezwe. Benki hutazama kipato, madeni mengine na historia ya ulipaji. Sheria hiyohiyo ya 2009 inailazimisha kupima kwanza uwezo wa mteja kulipa. Ombi lipelekwe siku kadhaa kabla ya malipo.

Ya tatu ni kugawa malipo: kadi mbili, au kadi pamoja na uhamisho wa benki. Muuzaji aambiwe mapema, maana kila kadi huingiziwa kiasi chake.

Ya nne ni kuiacha kadi kabisa na kutumia uhamisho wa benki, hundi ya benki, au mkopo wa kawaida ambao mara nyingi riba yake ni ndogo.

Kinga ya mnunuzi

Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 kinamlinda anayenunua kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyopita 30,000. Kampuni ya kadi huwajibika pamoja na muuzaji, hata kama ni sehemu tu ya bei iliyolipwa kwa kadi. Aliyetanguliza pauni 200 kwa kadi ya mkopo kwa samani za pauni 9,000, kisha zilizobaki akazilipa kwa uhamisho wa benki, analindwa kwa bei yote. Kwa mwenye kikomo kidogo, huu ni msaada mkubwa.

Hatari

Deni la dola 5,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka huzaa takriban dola 100 katika mwezi mmoja. Anayelipa kima cha chini tu hukaa na deni hilo miaka. Kutoa taslimu kwa kadi ni ghali zaidi: kuna ada, na kwa kawaida riba huanza siku ileile. Aidha, kutumia sehemu kubwa ya kikomo hushusha alama za mkopo. Washauri wengi wa fedha hushauri kutopita asilimia 30.

Afrika Mashariki

Kwa wengi Afrika Mashariki, kikomo wanachokutana nacho ni cha simu. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa M-Pesa nchini Kenya hauzidi shilingi 250,000, na salio halizidi 500,000. Hizi ni fedha za mtu mwenyewe, si mkopo, lakini anayenunua gari au kiwanja hukwama vilevile. Kwa malipo kama hayo hutumika uhamisho wa benki kwa benki. Kwa uhamisho huo, Tanzania ina mfumo uitwao TISS, ulioanza mwaka 2004.

Njia zote hizi humfaa aliyeuliza kabla ya siku ya malipo. Na kama fedha za kulipia deni hazipo wala hazitarajiwi, kikomo kikubwa hakitazileta: ni heri kuomba kulipa kwa awamu, au kuahirisha gharama yenyewe.