Mpigapicha Aliyesimama Kando ya Filamu

Septemba 1914, boti ya Wajerumani yenye silaha, Muansa, ilipambana na meli ya Waingereza Winifred huko Karungu, kwenye mwambao wa ziwa ambao leo uko Migori. Ni tukio dogo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na nje ya Nyanza wachache wanalikumbuka. Vita vya maziwani vilivyopata umaarufu ni vile vya Tanganyika. C. S. Forester alivitumia katika riwaya yake ya 1935, The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaigeuza kuwa filamu, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Aliyeifuata kambi ya filamu hiyo na kamera za mkononi alikuwa Eliot Elisofon, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1911. Hakuajiriwa na kampuni ya filamu. Alikuwa mpigapicha wa jarida la Life, kazi aliyoifanya kuanzia 1942 hadi 1964, baada ya kupitia uongozi wa chama cha wapigapicha cha Photo League. Vita vya Tunisia alivipiga picha, na mwaka 1947 alimpiga picha mfalme wa Wakuba katika makao yake huko Kongo. Kwa hiyo bara hili halikuwa geni kwake.

Mpiga picha za mnato aliyeajiriwa na kampuni ya filamu enzi hizo alikuwa na kero yake: kamera ililia kwa mlio ambao kinasa sauti kiliudaka. Alisubiri tukio liishe, kisha waigizaji wakarudia mkao wao kwa ajili yake. Picha hizo ndizo zilizobandikwa nje ya majumba ya sinema. Yaani picha iliyomshawishi mtu kutoa senti zake mara nyingi haikuwa kipande cha filamu hata kidogo.

Mtu wa gazeti alikuwa huru zaidi, na hapo ndipo ninapoona thamani ya akina Elisofon. Kwenye filamu, watu wawili wako peke yao mtoni katika mashua. Ukweli wa mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, ulikuwa msafara: vyelezo vilivyovutwa majini, kimoja kikibeba nakala ya sehemu ya mashua, kingine taa na vifaa, kingine jenereta, na mpigafilamu Jack Cardiff na kamera yake nzito ya rangi. Mashua yenyewe ilizama ikabidi iopolewe. Walipohamia Uganda, wakapiga filamu kwenye Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison, maji ya kunywa yaliwaangusha wengi kwa maradhi. Huston na Bogart, wenye kupendelea wiski, walinusurika. Robert Morley, aliyeigiza mchungaji, hakukanyaga Afrika kamwe. Sehemu zake zilipigwa Uingereza.

Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa kazi hiyo. Elisofon naye akaendelea na sinema kwa mlango mwingine: alikuwa mshauri wa rangi wa Huston katika Moulin Rouge (1952). Alifariki mwaka 1973, akaacha makumi ya maelfu ya picha zake za Afrika kwa jumba la makumbusho la Washington, ambako hifadhi hiyo sasa ina jina lake. Mwanahistoria wa Kongo ya miaka ya 1950 akiniuliza aanzie wapi, nitamtuma huko kwanza, kabla ya kuitazama filamu.